Kupe wa Mbwa Wanaishi Wapi Hasa

Malalamiko ninayoyasikia mara nyingi zaidi katika kazi yangu ya udaktari wa wanyama ni kwamba mbwa ameogeshwa kwa dawa, kupe wote wakadondoka, na baada ya wiki mbili tatu wamejaa tena kana kwamba hapakufanyika kitu. Mwenye mbwa huilaumu dawa na kutafuta iliyo kali zaidi. Ninauelewa uchovu wake, lakini mara nyingi dawa ilifanya kazi yake, ila ilitumika mahali pamoja tu, kwa maana kupe hutumia sehemu kubwa ya maisha yake akiwa nje ya mwili wa mbwa.

Kupe wa kahawia wa mbwa, ambaye kwa jina la kisayansi ni Rhipicephalus sanguineus, anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya nyumba au banda. Akianguliwa huwa na miguu sita na ni mdogo mno. Humpanda mbwa, hunyonya kwa siku chache, hudondoka, kisha hujificha mpaka ajivue gamba na kuwa tunutu mwenye miguu minane. Tunutu naye hupanda, hunyonya na kudondoka, na kupe mzima hufanya hivyo kwa mara ya tatu. Niliwahi kumhifadhi jike aliyeshiba ndani ya chupa ya kioo, akiwa wa kijivu na amevimba kama mbegu ya mbarika. Baada ya siku kadhaa alianza kutaga, na mayai ya kahawia yenye kung'aa yakarundikana mbele ya kichwa chake mpaka rundo likampita yeye kwa ukubwa, naye akabaki amenywea kama kiganda kitupu. Jike mmoja anaweza kutaga mayai yapatayo 4,000.

Mayai hayo hutagwa kwenye nyufa za ukuta, nyuma ya fremu za milango na chini ya matandiko ya mbwa, na kwa kuwa kupe huyu hupenda kukwea, msimshangae mkimkuta karibu na dari. Penye joto, mzunguko wote huweza kukamilika kwa miezi miwili au mitatu, na kupe mzima asiyepata damu huvumilia njaa kwa miezi mingi. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba mbwa apewe kinga mfululizo kwa miezi kadhaa bila kuruka tarehe, ili kila kupe anayempanda afe kabla ya kushiba na kutaga; wakati huohuo matandiko yafuliwe kwa maji ya moto na nyufa zizibwe. Ikibidi kupuliza dawa nyumbani, wanyama na watoto wakae nje mpaka ikauke kabisa.

Kuhusu dawa yenyewe, vidonge vya kundi la isoksazolini humuua kupe baada ya kumng'ata mbwa na kunyonya, kwa hiyo kumwona kupe hai siku ya pili si dalili kwamba kidonge kimeshindwa. Mbwa aliyewahi kupata degedege asipewe vidonge hivyo kabla daktari hajaambiwa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe, inayochanganywa kwa kukisia, imeniletea mbwa wanaotetemeka na kutokwa na mate, na ningeomba iachwe kabisa. Aidha, dawa za mbwa zenye pemethrini ni sumu kwa paka, hata paka anayelala tu ubavuni mwa mbwa aliyepakwa muda si mrefu.

Kupe mmoja mmoja atolewe kwa kibano chembamba, kikimshika karibu kabisa na ngozi bila kumminya tumbo, kisha avutwe taratibu na moja kwa moja. Kumpaka mafuta ya taa au kumchoma kwa kiberiti humuumiza mbwa na kumchelewesha kupe kutoka. Kipande cha mdomo kikibaki ndani, kisichokolewe. Ngozi kwa kawaida hukisukuma nje yenyewe. Tafuteni ndani ya masikio, katikati ya vidole, makwapani na chini ya mkanda wa shingo.

Kuwatoa kupe mapema kuna sababu. Kupe huyu hueneza Ehrlichia canis, kijidudu kinachoishi ndani ya chembe nyeupe za damu, na huweza kukiambukiza ndani ya saa chache tu baada ya kung'ata. Hueneza pia vijidudu vya babesia, vinavyovunja chembe nyekundu za damu. Mbwa akikataa chakula, akiwa na homa, fizi zikipauka, akitokwa na damu puani au mkojo ukiwa mweusi kama chai kavu, apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo, hata kama haonekani na kupe hata mmoja. Ugonjwa wa Ehrlichia hutibiwa kwa doksisaiklini, kwa kawaida siku 28, na hapo ndipo ninapopata hofu kubwa zaidi, kwa sababu mbwa wengi huanza kula na kuchangamka baada ya siku mbili tatu, vidonge vikawekwa kabatini, ilhali kijidudu bado kimo mwilini.