Mrija wenye puto kwa mtoto mdogo: kwa nini sifuati tena kanuni ya miaka 8

Wengi wetu wa fani ya usingizi wa operesheni tulifundishwa kwamba mtoto wa chini ya miaka 8 awekewe mrija wa kupumulia usio na puto, yaani kifuko kinachojazwa hewa kuuzunguka mrija ili kuziba pengo kooni. Kanuni hiyo haikutoka hewani. Chini kidogo ya nyuzi za sauti kuna pete ya gegedu isiyotanuka, na utando wake ukibanwa huvimba. Njia ya hewa yenye kipenyo cha milimita 4 ikivimba milimita 1 pande zote, hubaki milimita 2, na ukinzani wa hewa inayopita kwa utulivu huongezeka mara 16. Mtu mzima mwenye uvimbe huohuo huenda akahisi koo linamkwaruza tu. Na mirija ya zamani ya mpira mwekundu, yenye puto gumu, ilijeruhi makoo kweli.

Ila mrija usio na puto lazima uingie sawasawa, nasi huukadiria kwa hesabu: umri gawanya kwa 4, jumlisha 4. Wa miaka 4 anapata namba 5, yaani mrija wenye kipenyo cha ndani cha milimita 5. Ukiwa mwembamba, hewa inavuja, mashine inasoma vibaya, na gesi ya usingizi tunaivuta sisi tuliomo chumbani. Ukiwa mnene, unaibana pete ileile tuliyotaka kuilinda. Basi unautoa, unatia mwingine, na koo linaguswa upya.

Mwaka 2009 daktari wa usingizi Markus Weiss na wenzake walichapisha utafiti wa vituo 24 vya Ulaya, watoto 2,246 wasiozidi miaka 5. Mrija ulibidi kubadilishwa kwa asilimia 30.8 ya waliowekewa usio na puto. Kwa wenye puto, asilimia 2.1. Waliopumua kwa mlio wa koo lililobana baada ya kutolewa mrija walikaribiana: asilimia 4.7 na 4.4. Kwangu mimi takwimu hizo zilimaliza ubishi, japo kichanga wa chini ya kilo 3 ana hesabu yake.

Kwa hiyo natumia wenye puto laini, nusu namba chini ya ule wa zamani: kwa wa miaka 4, namba 4.5.

Lakini puto lisilopimwa ni hatari. Shinikizo lake lisizidi sentimita 20 za maji (ndicho kizio chake), na kulibonyeza kwa vidole hakutoshi, hata kwa mzoefu. Ukitumia gesi ya nitrasi oksidi, hupenya ndani ya puto na kulijaza operesheni ikiendelea, hivyo upime tena na tena. Inaniuma kuona hospitali zinaagiza mirija hii bila kifaa cha kupima shinikizo la puto. Viagizwe pamoja.

Mzazi, mwanao akiamka na sauti iliyokauka, kwa kawaida hupona yenyewe. Akivuta pumzi kwa mlio, au kifua kikibonyea, mwite muuguzi hapohapo.