Kwa nini usingizi hukukamata kwenye chumba cha mkutano?

Watu kumi wamezunguka meza, mlango umefungwa, madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinavuma. Haipiti saa moja macho yanakuwa mazito, kichwa kinaanza kugonga, na swali jepesi unaomba lirudiwe. Wengi husingizia chakula cha mchana. Kina mchango wake, lakini mshukiwa mkubwa ni hewa mnayovuta.

Hewa ya nje ina takriban sehemu 420 za kabonidayoksaidi katika kila sehemu milioni. Pumzi unayoitoa ina kama 40,000. Mkijifungia, mnavutishana pumzi zenu wenyewe: kiwango hupita 1,000 upesi, na kufika 2,000 si ajabu. Max von Pettenkofer, mwanasayansi wa Munich, alipendekeza mwaka 1858 kwamba 1,000 iwe mpaka. Hakusema gesi hiyo ni sumu kwa kiwango hicho. Aliichukua kuwa alama ya hewa iliyokwisha kutumika, kwa sababu inapopanda, harufu na uchafu mwingine wa miili hupanda nayo.

Mwaka 2012, watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, waliwapima watu 22 huku wakibadilisha gesi hiyo peke yake: 600, 1,000 na 2,500. Uwezo wa kufanya maamuzi ulipungua kwenye 1,000 na kuporomoka kwenye 2,500. Majaribio mengine hayakuonyesha anguko kama hilo, hivyo mjadala kuhusu gesi yenyewe bado upo. Ila hewa mpya inapokuwa haba, vichwa huuma na kazi hudorora. Hilo limeonekana mara nyingi. Ndiyo maana inaniuma mfanyakazi anapoitwa mvivu kwa kosa la chumba.

Kinachotupoteza zaidi ni kiyoyozi. Vile vya kawaida vya ukutani haviingizi hewa ya nje hata kidogo. Huvuta hewa ileile ya chumbani, huipoza, huirudisha. Ngozi ikihisi ubaridi, tunaamini hewa ni safi, na anayetaka kufungua dirisha anaambiwa anamwaga baridi.

Ubaridi nao una kesi yake. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2006 ulionyesha kazi za ofisini huenda vizuri zaidi karibu na nyuzi 22, na kwenye nyuzi 30 hupungua kwa kama asilimia 9. Lakini kiwango hicho si cha kila mwili. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Uholanzi walionyesha kuwa hesabu za joto la ofisi zimejengwa juu ya mwanamume wa miaka 40 mwenye kilo 70, na huenda zikakadiria joto linalozalishwa na mwili wa mwanamke kupita kiasi kwa hadi asilimia 35. Basi dada anayejitanda shuka mezani hadeki.

Kwa mkutano wa leo, fungueni dirisha na mlango ulio upande wa pili kwa dakika kumi, hewa ipenye. Chumba kikiwa hakina dirisha, mwiteni fundi wa jengo mumwulize: hewa ya nje inaingilia wapi?