Halijoto si joto: namba ya kihisi ndani ya kompyuta mpakato

"Joto la laptop limefika 92." "Kihisi cha joto kimeharibika." "Feni imeongeza kasi, joto likapungua." Sentensi hizi husikika kila panapozungumziwa kompyuta inayochemka, na zote zimebeba kosa moja. Ya tatu ndiyo yenye madhara zaidi, kwa sababu joto halikupungua. Kilichopungua ni halijoto.

Maana kwanza, kwa haraka. Joto ni nishati inayohama kutoka kitu chenye moto zaidi kwenda kilicho baridi zaidi. Hupimwa kwa juli, na kasi ya kuhama kwake hupimwa kwa wati, yaani juli moja kila sekunde. Halijoto ni namna kitu kilivyo moto mahali fulani kwa wakati fulani, nayo hupimwa kwa nyuzi za Selsiasi au kelvini. Ndani ya kompyuta mpakato, kihisi hupima halijoto, feni huondoa joto, na katikati yao iko programu dhibiti: programu iliyoandikwa ndani ya chipu ya ubao mama, inayosoma halijoto ili iamue feni izunguke kwa kasi gani.

Mkanganyiko huu una asili yake katika lugha, na si haki kumlaumu msemaji peke yake. Joto na moto ni ndugu wa shina moja, lile lile tunalolisikia katika kitenzi kuota, kama mtu anavyoota moto au kuota jua. Moto umechukua m- mbele yake, joto limechukua ji-, kama jicho na jino. Kwa aliyekaa kando ya moto, neno moja lilitosha: mkono wake haukuhitaji kutenganisha wingi wa nishati na ukali wa moto. Hata kwa wanasayansi wa Ulaya tofauti hii haikuwa wazi tangu mwanzo. Ni katika karne ya 18 ambapo Joseph Black, akifundisha Glasgow, alionyesha kwamba barafu inayoyeyuka hupokea joto jingi huku halijoto yake ikibaki palepale. Kitu kimoja kinaongezeka, kingine kimesimama. Basi haviwezi kuwa kitu kimoja.

Neno halijoto ni muungano wa hali, lenye asili ya Kiarabu, na joto letu. Ni neno lililoundwa vizuri sana, maana linasema wazi kwamba tunazungumzia hali, si kiasi. Vitabu vingine vya sayansi hupendelea jotoridi, linalokusanya joto na baridi katika mizani moja, nalo halina ubaya. Kinachotuponza ni maneno mengine mawili yaliyozoeleka. Kipimajoto hakipimi joto, kinapima halijoto. Na nyuzi joto, wingi wa uzi uleule tunaoutumia kupimia pembe, ni nyuzi za halijoto. Hayo yameshakomaa midomoni mwa watu na hayahitaji kung'olewa. Anayesema "leo kuna joto" anaeleweka kikamilifu. Shida huanza pale neno hilo linapopelekwa mbele ya mashine ambayo inafanya hesabu kwa vitu hivi viwili kwa pamoja.

Chukua glasi ya maji ya mililita 250 yenye nyuzi 90, na ndoo ya lita 20 yenye nyuzi 40, zote katika chumba cha nyuzi 25. Mpaka zipoe kufikia halijoto ya chumba, glasi itatoa kilojuli 68 hivi, na ndoo itatoa kilojuli 1,260. Glasi itakuunguza, ndoo haitakuunguza, lakini joto liko kwenye ndoo. Ndivyo ilivyo pia kwa kompyuta. Mpakato unaotumia wati 15 huku prosesa yake, yaani chipu kuu inayofanya hesabu, ikiwa na nyuzi 95 unakitia chumba joto kidogo, mara kumi chini ya kompyuta ya mezani inayotumia wati 150 kwa nyuzi 65. Karibu umeme wote unaoingia kwenye prosesa hutoka ukiwa joto, kwa hiyo wati zinazosomwa kwenye programu ya uchunguzi ndizo kipimo cha joto. Namba yenye alama ya nyuzi ni kitu kingine.

Uhusiano wao ni hesabu nyepesi. Tofauti ya halijoto kati ya prosesa na hewa ya chumba ni wati zidisha ukinzani wa njia ambayo joto linapitia: pesti ya kupitishia joto iliyopakwa juu ya chipu, mrija wa shaba, mapezi ya rejeta, mpaka hewa inayosukumwa na feni. Ukinzani ukiwa nyuzi 3 kwa kila wati, wati 15 zitaleta nyuzi 45 juu ya chumba. Chumba kikiwa na nyuzi 25, prosesa itasoma 70. Sasa vumbi lijikusanye kwenye mapezi, ukinzani upande hadi 4.5. Wati ni zile zile 15, ila prosesa itasoma zaidi ya nyuzi 92. Joto halikuongezeka hata wati moja; njia yake ndiyo iliyobanwa. Fundi anayeambiwa "joto limezidi" anaweza kutafuta kinachozalisha joto jingi, na asikipate, kwa sababu hakipo. Anayeambiwa "halijoto imepanda kwa kazi ileile" anajua pa kufungua: pale feni inapokutana na mapezi, ambapo vumbi hugandamana kama kitambaa na haliondoki kwa kupuliza kutoka nje. Na anapopuliza, azuie panga la feni kwa kidole au kijiti, kwani likizungushwa kwa nguvu na hewa huweza kuharibu beringi.

Kwa hoja hiyohiyo, feni kuongeza kasi hakupunguzi joto. Mambo yakishatulia, wati 15 zikiingia ni wati 15 zinazotoka, feni ikiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika au 4,000. Kasi hubadilisha ukinzani, na ukinzani hubadilisha nyuzi. Tena mara nyingi mambo huwa kinyume kabisa na usemi uliozoeleka. Prosesa za siku hizi hupandisha kasi ya kazi mpaka ziguse kikomo cha wati au cha nyuzi. Ukichagua hali ya utendaji wa juu, feni huongeza kasi, prosesa hupata nafasi ya kutumia wati zaidi, na halijoto hubaki palepale kwenye 95. Joto linalotoka pembeni limeongezeka, na ni feni iliyoliruhusu.

Kihisi chenyewe kina siri ambayo ingewashangaza wengi wanaokiita kipima joto. Katika prosesa za Intel, kihisi cha ndani ya silikoni hakitoi hata halijoto yenyewe. Hutoa umbali uliobaki kufikia kikomo. Kikomo kikiwa nyuzi 100 na rejista, yaani kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa, ikisoma 37, programu hutoa moja kwa nyingine na kukuonyesha 63. Programu ikidhania kikomo ni 105 wakati ni 100, namba zake zote zitakuwa juu kwa nyuzi 5. Na kihisi hiki huwa sahihi zaidi karibu na kikomo kuliko mbali nacho, kwa hiyo kubishana kama kompyuta iliyotulia ina nyuzi 34 au 37 ni kupoteza muda.

Vihisi vingine, vile vya kwenye ubao mama, karibu na betri na chini ya jalada, aghalabu ni themista: kipande ambacho ukinzani wake wa umeme hushuka halijoto inapopanda. Themista ya kawaida ya kiloomu 10 kwa nyuzi 25 hushuka hadi takriban kiloomu 3.6 kwa nyuzi 50. Chipu ya udhibiti hupima volti, kisha hutafuta nyuzi kwenye jedwali. Waya ukikatika, ukinzani huonekana kuwa mkubwa mno, na jedwali hutafsiri hilo kuwa baridi kali. Ndiyo maana programu dhibiti iliyoandikwa kwa uangalifu huchukulia namba isiyowezekana kama hitilafu na kuiachia feni izunguke kwa kasi yote. Feni ikinguruma huku prosesa ikisoma nyuzi 45, usikimbilie kubadilisha pesti. Tazama kwanza vihisi vingine.

Kihisi cha chini ya jalada ndicho kinacholipa neno mpakato heshima yake. Kupakata ni kuweka mapajani, kama mtoto anavyopakatwa, na ngozi ya paja haivumilii nyuzi zinazovumiliwa na silikoni. Kwa hiyo programu dhibiti inaweza kupunguza wati za prosesa iliyo kwenye nyuzi 70 tu, kwa sababu jalada la chini limefika kikomo chake. Mtumiaji huona kompyuta imekuwa nzito "wakati joto bado dogo". Joto halikuwa dogo. Limepita kwenye chipu na kujikusanya kwenye jalada.

Uamuzi wa feni hufanyika ndani ya kidhibiti kidogo ambacho pia husimamia kibodi, chaji ya betri na kitufe cha kuwasha. Kina programu yake na hufanya kazi hata mfumo endeshi ukiganda, na ndiyo sababu kazi hii haikuachiwa mfumo endeshi peke yake. Hupeleka mawimbi ya umeme yanayowaka na kuzima, kwa kawaida karibu na kilohezi 25 ili sikio lisiyasikie, na hurefusha muda wa kuwaka pale inapotaka kasi. Feni hurudisha mapigo, kwa kawaida mawili kwa kila mzunguko: mapigo 120 kwa sekunde ni mizunguko 3,600 kwa dakika. Mapigo yasiporudi, kompyuta nyingi hukataa kuendelea kuwaka na kuonyesha hitilafu ya feni, hata kama panga linazunguka na waya wa mapigo ndio uliokatika.

Jedwali la kasi huwa na ngazi, na kila ngazi ina nyuzi mbili: ya kupanda na ya kushuka. Feni ikiwashwa kwa 55, izimwe kwa 48. Zikiwa sawa, feni itawaka na kuzima kila baada ya sekunde chache, kelele inayochosha kuliko mngurumo usiokatika. Halijoto ya silikoni huweza kuruka nyuzi 20 au 30 ndani ya sekunde moja programu inapofunguliwa, kwa kuwa chipu ni ndogo na hujaa haraka, ilhali shaba ya rejeta bado ni baridi. Programu dhibiti hukokotoa wastani wa sekunde kadhaa kabla ya kuchukua hatua. Feni "inayochelewa" haijachelewa; inasubiri kuona kama joto la kutosha kweli linakuja, au ni mruko wa nyuzi tu.

Anayetaka kushika usukani mwenyewe aelewe anachokishika. Kwenye kompyuta mpakato za ThinkPad zinazotumia mfumo endeshi wa Linux, moduli (kipande cha programu cha kuongezea mfumo) ya thinkpad_acpi ikipakiwa na chaguo la fan_control=1, faili la /proc/acpi/ibm/fan hupokea amri kama "level 3", kuanzia 0 hadi 7, na "level auto" ya kurudisha mamlaka kwa programu dhibiti. Kabla ya yote andika "watchdog 60": amri mpya isipofika ndani ya sekunde 60, udhibiti unarudi wenyewe. Kuiacha feni kwenye 0 bila kinga hiyo ni kuitegemea breki ya mwisho, yaani prosesa kujipunguzia kasi na hatimaye kuzima ghafla. Betri na diski haziko kwenye silikoni hiyo, na breki hiyo haizilindi.

Namba zenyewe pia zisomwe kwa makini. Kiwango cha ACPI, utaratibu wa mawasiliano kati ya mfumo endeshi na programu dhibiti, huitoa halijoto kwa sehemu za kumi za kelvini: 3332 ukiondoa 2732, ukagawa kwa kumi, ni nyuzi 60. Linux huandika nyuzi hizohizo kama 60000 katika /sys/class/thermal. Ukikuta kihisi cha acpitz, kile kinachosomwa kupitia ACPI, kimeganda kwenye 27.8 mchana na usiku, hicho hakipimi chochote. Programu dhibiti inarudisha namba isiyobadilika. Na prosesa ikikwama kwenye megahezi 400 huku ikisoma nyuzi 50, shaka iende kwenye waya wa tahadhari ya prosesa, ule unaoiamuru ipunguze kasi, ambao vipande vingine vya ubao pia huweza kuuvuta, kwa mfano pale chaja isipotambuliwa.

Kwa wanaotafsiri programu za uchunguzi, basi, ombi ni dogo. Pale penye alama ya nyuzi, andikeni "Halijoto ya prosesa". Neno joto msilitupe. Mstari unaofuata, ule unaoonyesha wati, ndio mahali pake.