Kipandauso ni nini?

Mtu akiumwa kichwa hapa Mbeya, kwanza hupima malaria. Wakimwambia hana, lawama huhamia kwa presha, baridi ya Juni, au mawazo. Huenda ni kipandauso, ugonjwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, wala si uvivu wala deko.

Maumivu hupanda usoni, mara nyingi upande mmoja, yakidunda kama moyo. Kichefuchefu hufuata, mwanga unachoma, mlio wa bodaboda unakuwa adhabu. Bila dawa hukaa saa 4 hadi siku 3, kisha mtu anakuwa mzima kabisa, na ndiyo maana wengi hawaaminiwi. Wengine huona kwanza vimulimuli au mistari inayometameta kwa nusu saa hivi. Wanawake huugua karibu mara 3 ya wanaume, hasa hedhi inapokaribia.

Asili yake kwa kiasi kikubwa ni ya kurithi, ila kuna vitu vinavyokiamsha. Mama anayeamka saa 10 usiku kuwahi magunia ya lumbesa ya viazi sokoni Uyole, akakaa hadi saa 5 asubuhi bila chai wala maji, ameshajinyima usingizi, chakula na maji kwa mpigo. Kula na kulala kwa saa zilezile kila siku ni kinga ya kweli.

Dawa inywewe mapema, kwa kipimo kamili: paracetamoli, au ibuprofeni kwa asiye na vidonda vya tumbo wala mimba. Ukisubiri kichwa kipasuke, tumbo nalo linakuwa limezubaa, dawa haifyonzwi vizuri.

Linaloniuma zaidi ni vidonge vya kila siku kutoka duka la dawa. Ukimeza vya maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi ikapita, dawa yenyewe huzaa kichwa kipya. Kwa vile vya mchanganyiko, yaani vyenye dawa zaidi ya moja ndani ya kidonge kimoja, hata siku 10 zinatosha. Anayeumwa siku 4 au zaidi kwa mwezi aandike tarehe kwenye daftari, aende nalo kwa daktari. Kuna dawa za kuzuia, kama propranololi (mwenye pumu asiiguse) na amitriptilini. Hunywewa kila siku hata usipoumwa, na matokeo huonekana baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo usiziache wiki ya pili.

Ila kichwa kilichopiga ghafla kama radi, chenye homa na shingo ngumu, au kilichofuatana na mkono kulegea au ulimi kuwa mzito, hicho ni cha hospitali saa hiyohiyo.