Rantau siyo ughaibuni: Tiku na pwani ya Waminangkabau

Jamani, rantau siyo ughaibuni. Nimekutana tena na maelezo kuhusu Tiku, kile kijiji cha wavuvi Sumatra Magharibi, eti wakazi wake "wanaishi rantau, yaani mbali na kwao", na hii siyo mara ya kwanza, kwa hiyo leo tuliongee tu. Watu wa Tiku hawajaenda popote. Wako kwao, na bibi zao wamezikwa hapohapo.

Maana yenyewe haraka haraka: Waminangkabau ni watu wa Sumatra Magharibi, Indonesia, Waislamu ambao ukoo na ardhi ya ukoo vinafuata upande wa mama, na kwao rantau ni ile nchi iliyo nje ya kitovu cha asili yao. Basi. Halafu kutoka hapo wakapata kitenzi, merantau (wenyewe wanatamka marantau), kwenda rantau, na hicho kitenzi ndicho kimeleta vurugu yote.

Kwa sababu siku hizi ukisema merantau Indonesia nzima inaelewa kijana kafunga begi kaenda Jakarta au Malaysia kutafuta maisha, anafungua mgahawa wa vyakula vya Padang, anatuma hela nyumbani. Sawa, ni kweli, na watu maarufu wamepita njia hiyo, Mohammad Hatta aliyekuja kuwa makamu wa kwanza wa rais alizaliwa Bukittinggi akaondoka, mwanazuoni Hamka alizaliwa kando ya ziwa Maninjau akaondoka. Shida ni kwamba kitenzi kikishazoeleka, watu wanarudi nyuma kutafsiri jina kupitia kitenzi, na hapo ndipo unapata rantau ni ugenini, rantau ni diaspora, rantau ni uhamiaji. Wameanzia mkiani.

Asili ya neno iko majini. Kwenye Kimalayu, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kiminangkabau, rantau ni kipande cha mto kati ya kona moja na nyingine, au kipande cha ufuko unachokipita ukiwa chomboni. Hamna kuhama hapo, hamna kutuma hela, ni jiografia tupu! Na kinyume chake ni darek, ambayo ni darat kwa matamshi ya kwao, nchi kavu, kule milimani. Darek ndiko ziliko zile luhak tatu, yaani nchi za kitovu, Tanah Datar, Agam na Limo Puluah Koto, na ndiko wanakosema wametokea, miguuni mwa mlima Marapi. Watu wakafuata mito kushuka chini, wakaweka makazi, na nchi ya huko chini ikawa rantau, na ule upande wa bahari ya magharibi wanauita pia pasisia, pwani. Hata pwani yetu sisi imetokana na maji kupwa, lakini sijawahi kusikia mtu akidhani kwamba mzee wa Pangani yuko safarini.

Sasa Tiku yenyewe. Iko kwenye wilaya ya Agam, tarafa ya Tanjung Mutiara, maana yake Rasi ya Lulu. Ukitokea milimani upande wa Bukittinggi unashuka barabara ya kona 44 (ndiyo jina lake, Kelok 44, na kona zina vibao vya namba), unapita Maninjau, unapita Lubuk Basung, unafika baharini. Umeona hapo? Agam ni jina la luhak, nchi ya kitovu, na wilaya hiyohiyo inayoitwa Agam leo ina rantau yake huku chini, kwa hiyo mtu anaweza kunywa chai darek na kula mchana rantau bila kutoka nje ya wilaya. Ughaibuni gani huo wa kwenda na kurudi siku moja?

Kiserikali jina la Tiku limegawanyika kwenye nagari tatu, Tiku Selatan, Tiku Utara na Tiku Limo Jorong. Nagari ni zaidi ya kijiji maana lazima iwe na koo zake, msikiti wake na ukumbi wake wa baraza, ila ukisema kijiji sitakugombeza, vita vyangu leo ni kimoja. Wavuvi wa pwani ile wanavuta kokoro kutoka ufukoni, wenyewe wanaita maelo pukek, na bahari iliyo mbele yao ni hii yetu, Bahari ya Hindi. Tiku iko kusini kidogo tu ya ikweta, ukinyoosha mstari kwenda magharibi unatokea karibu kabisa na Kismayu, kwa Wabajuni.

Na zamani haikuwa kona iliyosahaulika. Ilikuwa bandari ya pilipili manga, chini ya Aceh, usultani wa kaskazini mwa Sumatra, na Waingereza waliitaka sana mpaka mfalme James akaandika kuomba ruhusa ya kufanya biashara Tiku na Pariaman. Mwaka 1615 Sultani Iskandar Muda wa Aceh akamjibu kwa barua ndefu yenye mapambo ya dhahabu kwamba hapana, njooni Aceh kwenyewe, huko ni dusun, shamba, tena mbali na sisi. Kwa hiyo Tiku imeanza kuitwa "mbali" zamani, ila angalia ni mbali na nani, ni mbali na sultani, siyo mbali na watu wa Tiku! Mwaka 1663 viongozi wa Tiku, Padang na Inderapura wakaingia Mkataba wa Painan na kampuni ya Waholanzi ili kujitoa kwa Aceh, halafu biashara ikaenda kujikusanya Padang, Tiku ikabaki na samaki wake.

Tofauti ya darek na rantau ipo, sikatai, ila siyo ya mwenyeji na mgeni. Wana usemi, luhak bapanghulu, rantau barajo, luhak zinaongozwa na wazee wa koo, rantau ina mfalme. Jirani hapo Pariaman wanaume wanarithi kwa baba majina ya heshima kama Sidi, Bagindo na Sutan, kitu ambacho mtu wa milimani anakishangaa kidogo, na familia ya bibi harusi inatoa hela ya kumfuata bwana harusi, uang japuik (na hapa tena mitandaoni utasikia "wanawake wanalipa mahari", hapana, mahari ya Kiislamu bado anatoa mwanaume, hizo ni hela nyingine kabisa). Usemi mwingine ni syarak mandaki, adaik manurun, sheria inapanda, ada inashuka, maana mafundisho ya dini yaliingilia pwani, pale Ulakan kwa Syekh Burhanuddin karne ya 17, yakapanda milimani, wakati mila zilitoka milimani zikashuka. Syarak ni sheria yetu hii hii na adaik ni ada yetu hii hii, vyote vimetoka Kiarabu, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili ndiye wa mwisho kupotea hapa.

Basi ndugu yangu uliyeandika, hujakosea sana, umechanganya mahali na safari. Kijana wa Tiku akipanda basi kwenda Jakarta, andika ameenda rantau, uko sahihi kabisa. Ila mama yake anayeanika samaki pale ufukoni, yeye yuko rantau na yuko nyumbani, vyote kwa pamoja, na hilo neno "mbali" naomba ulifute tu.