Kabla ya Sanduku la Michango, Kuna Swali la Kuuliza

Walimu wanaotaka kuanzisha mradi wa hisani shuleni huniuliza jambo lilelile: tukusanye nini? Nguo, vitabu, au fedha? Mimi huwajibu kwamba anayejua ni yule tunayetaka kumsaidia, na watoto ndio wa kwenda kumuuliza. Kwa miaka yote niliyoratibu kazi za kujitolea za wanafunzi, nimeona mradi ukijengeka au kubomoka hapo mwanzoni kabisa, kabla sanduku la kwanza halijawekwa mlangoni mwa darasa.

Desemba 2012, baada ya mauaji ya watoto katika shule ya Sandy Hook huko Newtown, Marekani, mji ule ulitumiwa dubu wa kuchezea zaidi ya 60,000. Wakazi wake wote hawafiki 30,000. Waliotuma walikuwa na uchungu wa kweli, sina shaka. Lakini kila dubu alihitaji mtu wa kumpokea, ghala la kumhifadhi na gari la kumhamisha, na kazi hiyo yote iliangukia jamii iliyokuwa msibani. Shule ikikusanya bila kuuliza hufanya jambo hilohilo kwa kiasi kidogo: stoo ya kituo cha watoto hujaa viatu vya saizi moja, huku kinachohitajika ni daftari.

Kwa hiyo somo la kwanza kwa watoto ni kuuliza. Darasa moja nililolisimamia lilikuwa limekwisha kukata shauri kupeleka mablanketi kwenye makao ya wazee. Nikawaomba waandike maswali yao kwanza, kisha wawakilishi wawili wakampigia simu msimamizi wa makao, darasa zima likisikiliza. Yule mama akawashukuru, akawaambia mablanketi yamejaa kabatini. Wanachokosa wazee ni mtu wa kuwasomea barua na magazeti, kwa kuwa macho ya wengi yamefifia. Basi mradi ukageuka kuwa wa kusoma. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa na mazoea ya kumeza maneno alianza kufanya mazoezi ya kusoma kwa sauti nyumbani, kwa sababu mzee wake alikuwa akimwambia, “Rudia hapo, mjukuu wangu, sijakusikia.” Hakuna zoezi la darasani ambalo lingemfikisha pale.

Jambo la pili ninalolishikilia ni nani anayeamua. Mwaka 1992, kupitia chapisho la UNICEF, Roger Hart, mtafiti wa masuala ya watoto, alieleza ushiriki wao kwa mfano wa ngazi yenye vidato 8. Katika vidato vitatu vya chini mtoto huendeshwa na watu wazima, hufanywa pambo, au hushirikishwa kwa jina tu, na Hart alisema wazi kwamba hapo hakuna ushiriki wowote. Miradi mingi ya shule imekwama kwenye vidato hivyo. Mwalimu amekwisha kupanga kila kitu, mzazi ametoa fedha, na mtoto amebeba boksi kwa ajili ya picha. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, katika kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kutoa maoni yake kwenye mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Wadogo wa miaka sita wapewe mambo mawili au matatu wachague. Wenye miaka 11 au 12 wanaweza kupanga bajeti, kuandika barua kwa mwalimu mkuu na kugawana zamu wenyewe.

Sasa fedha. Hapa siachi nafasi hata kidogo. Sanduku liwe na kufuli. Lifunguliwe mbele ya watu wazima wawili na watoto wenyewe. Mmoja ahesabu, mwingine arudie, wa tatu aandike kwenye daftari, kisha jumla iandikwe ubaoni siku hiyohiyo. Anayepokea mchango wetu atoe risiti, nayo ibandikwe mahali ambapo kila mtu ataiona. Tangazeni mapema pia ziada itakwenda wapi. Na kabla ya kuchangisha nje ya uwanja wa shule, ulizieni sheria za mahali mlipo, kwani sehemu nyingi hutaka kibali. Mtoto asitumwe peke yake kupita mlango kwa mlango. Hilo halina mjadala.

Kuna jambo linalonigusa zaidi ya yote haya. Katika darasa lenyewe linalochangia, huenda yumo mtoto ambaye kwao hakuna cha kutoa, au ambaye familia yake inaishi kwa misaada ya aina hiyohiyo. Orodha ya waliochanga ikibandikwa ukutani humvua nguo mbele ya wenzake. Kushindanisha madarasa nako humfanya aonekane ndiye anayewaangusha. Kwa hiyo mchango uingie bila jina, na kazi ya mikono ihesabiwe sawa na fedha: kupanga vitu kwa saizi, kuandika mabango, kupiga hesabu. Hata lugha tuiangalie. Ukisema “wale maskini”, yupo anayejisikia ametajwa.

Zawadi nazo mnaziona ndogo, lakini zina madhara. Wanasaikolojia Felix Warneken na Michael Tomasello walichapisha utafiti mwaka 2008 juu ya watoto wa miezi 20. Waliopewa zawadi ya kitu kwa kusaidia walipungukiwa na hamu ya kusaidia tena baadaye, kuliko waliosifiwa au ambao hawakupewa chochote. Mimi siruhusu tuzo ya darasa lililochanga zaidi. Barua ya shukrani kutoka kwa waliopokea yatosha, isomwe kwa sauti.

Kwenye picha, pigeni picha za kazi: mikono inayopanga vitabu, meza iliyojaa, miche iliyopandwa. Sura za wanaosaidiwa ziachwe, na za wanafunzi ziwe na ridhaa ya wazazi kwa maandishi.

Mradi ukiisha, tengeni kipindi kizima cha kuzungumza. Huwa nawauliza watoto nini kiliwashangaza, nani alifanya kazi bila kuonekana, na kwa nini tatizo lile lilikuwepo kabla yetu. Swali hilo la mwisho ndilo linalowafikisha kwenye mambo mazito ya haki na mgawanyo wa mali, na watoto huyamudu kuliko watu wazima wanavyodhani. Kisha wawaandikie wazazi ripoti ya ukurasa mmoja: tuliombwa nini, tulipata kiasi gani, kilikwenda wapi, na ni lipi tulilokusudia ambalo halikukamilika. Wiki chache baadaye, wawakilishi walewale wapige simu tena kuuliza kama kile tulichopeleka kinatumika.