Sherehe za Uhuru Jijini: Mipango Ianzie Langoni

Kamati ya maandalizi ya sherehe za kitaifa inapokutana kwa mara ya kwanza, mambo yanayokula muda ni kaulimbiu, nembo, fulana, vitenge, na nani ataketi wapi katika jukwaa kuu. Mimi ninashughulika na mipango ya mikusanyiko mikubwa, na ombi langu katika vikao vya aina hiyo ni moja: kabla ya yote hayo, tukubaliane wananchi wataingiaje uwanjani na wataondokaje. Nitaeleza sababu zangu kwa mfano wa Dar es Salaam na Uwanja wa Uhuru, mahali ambapo bendera ya Tanganyika ilipandishwa usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, na ambapo jiji lilirudi kuadhimisha miaka 50 mwaka 2011 na miaka 60 mwaka 2021.

Jambo la kwanza ni kwamba tarehe ya kitaifa haichagui hali ya hewa. Tarehe 9 Desemba huangukia katika vuli, wakati jua la asubuhi linaweza kuwa kali na mvua ikashuka saa mbili baadaye. Maadhimisho ya miaka 60 ya Muungano, 26 Aprili 2024, yaliangukia katikati ya masika. Kwa hiyo anayepanga sherehe anapanga joto na tope kwa pamoja, na hana mamlaka ya kuahirisha.

Anayetazama kwenye televisheni huona saa mbili au tatu tu: Rais anawasili, mizinga 21 inapigwa, gwaride linakaguliwa kisha linapita mbele ya jukwaa kuu kwa mwendo wa pole na mwendo wa haraka. Mwananchi anayetoka Mbagala au Gongo la Mboto ana siku tofauti kabisa. Ameamka usiku, amefika uwanjani saa 12 asubuhi kwa sababu ameambiwa awahi, na hatainuka hadi saa 6 mchana au zaidi. Hizo ni saa sita juani, mara nyingi akiwa na mtoto. Ndiyo maana ninapouliza maji yatapatikana wapi na vyoo vya muda ni vingapi, siulizi jambo la pembeni. Mtu asiyepata maji ndani atataka kutoka, na aliyetoka atataka kurudi kwa lango lile lile ambalo wengine bado wanaingilia.

Tuhesabu kidogo. Tuseme tunatarajia watu 20,000, na kila mmoja anapekuliwa. Ikiwa upekuzi wa mtu mmoja unachukua sekunde 10, na hiyo ni kasi nzuri, njia moja ya kuingilia itapitisha watu 360 kwa saa. Katika saa tatu ni watu 1,080. Zinahitajika njia zipatazo 19, zote zikiwa na watumishi wa kutosha tangu dakika ya kwanza. Zikifunguliwa 10, karibu nusu ya watu watakuwa bado nje msafara wa kwanza wa viongozi unapofika, na hapo ndipo foleni hugeuka kuwa msukumano. Kutoka ni rahisi zaidi, kwa kuwa hakuna upekuzi: mwongozo wa usalama wa viwanja unaotumika Uingereza hukadiria watu 82 kwa dakika kwa kila mita moja ya upana wa njia tambarare. Milango yenye jumla ya mita 20 ingewatoa watu wetu kwa dakika 12 hivi, lakini kwa sharti kwamba yote iko wazi na hakuna gari lililoegeshwa mbele yake. Sharti hilo la mwisho ndilo linalovunjwa kuliko yote.

Hesabu hizi si za darasani. Machi 2021, katika uwanja huu huu wa Uhuru, watu 45 walifariki katika msongamano wakati wananchi walipokwenda kumuaga Rais Magufuli. Desemba ya mwaka huo huo uwanja ukapokea sherehe za miaka 60. Kwa maoni yangu, tarakimu ile ya 45 ingefaa iandikwe juu ya kila ramani ya uwanja inayopelekwa kamatini.

Halaiki, yaani maonyesho ya pamoja ya watoto wa shule, nayo inahitaji neno. Ni sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayopangwa kwa haraka kuliko zote. Watoto hufanya mazoezi kwa wiki kadhaa, na mwezi Desemba shule huwa zimefungwa au ziko mbioni kufungwa, hivyo mwalimu huwakusanya kutoka majumbani. Siku yenyewe watoto hufika mapema kuliko wageni, wakiwa na sare nyepesi, na zamu yao huja baada ya gwaride. Mpango mzuri huwawekea kivuli, uji wa asubuhi, njia yao wenyewe ya kuingia uwanjani isiyokutana na ile ya umma, na orodha ya majina ambayo kila mwalimu huisoma wanapopanda basi la kurudi.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Mwaka 2015 gwaride lilifutwa, siku ikafanywa ya usafi, na shilingi bilioni 4 zikaelekezwa katika upanuzi wa barabara ya Mwenge hadi Morocco. Mtu anaweza kuukubali uamuzi wa namna hiyo au kuukataa, lakini kwa mpangaji una faida: unailazimisha kila kamati ieleze kila shilingi inanunua nini. Kwa jedwali langu, milango na maji hutangulia fulana.

Linabaki suala la kuondoka. Msafara wa viongozi na umma hutaka kutumia Barabara ya Mandela na Barabara ya Kilwa kwa wakati mmoja, na barabara zikifungwa, maelfu hubaki vituoni bila daladala. Ninapendekeza ratiba igeuzwe: bendi na ngoma zinazopendwa zaidi ziwekwe baada ya Rais kuondoka, ili watu watoke kidogo kidogo kwa muda wa saa nzima. Aidha, skrini kubwa ziwekwe Mnazi Mmoja, Kawe na Mbagala Zakhem ili asilazimike kila mtu kwenda Temeke, uliko Uwanja wa Uhuru. Viwanja hivyo navyo vihesabiwe milango, maji, vyoo na gari la wagonjwa, na kila kimoja kiwe na jenereta, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya gwaride, watu wote wa Mbagala wataanza safari ya kwenda uwanjani.